Uteuzi wa mbunge si wa watoto wa wakubwa

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu maneno ninayoyasikia kila tukikutana Watanzania na Wakenya hapa Dallas: kwamba vyuo vya kijeshi vya Marekani ni vya watoto wa wakubwa, eti kwa sababu lazima mbunge akuteue.

Sharti lipo kweli. West Point (chuo cha Jeshi la Nchi Kavu), Annapolis (cha Jeshi la Majini) au chuo cha Jeshi la Anga kule Colorado huingii mpaka uteuliwe na mbunge wa eneo lenu, au mmoja wa maseneta wawili wa jimbo, au Makamu wa Rais, ukiacha njia chache kama ile ya watoto wa wanajeshi. Na nafasi ni finyu: kila mbunge haruhusiwi kuwa na zaidi ya wanafunzi watano kwa wakati mmoja katika kila chuo. Lakini kumjua mtu si sharti.

Mpwa wangu ni mfano. Shemeji ni mlinzi wa usiku kwenye ghala, hana mkubwa anayemfahamu. Kijana alijaza fomu ya mbunge, akaomba na kwa maseneta wote wawili. Jopo la usaili, wengi wao wanajeshi wastaafu, lilimuuliza kwa nini anataka jeshi na atafanya nini akikosa. Ya baba yake hayakuulizwa. Maseneta hawakumchukua, mbunge akamteua. Kuteuliwa nako si kupokelewa chuoni. Bado kuna vipimo vya afya na mtihani wa viungo, ambapo unapiga magoti na kurusha mpira wa kikapu mbali uwezavyo. Jioni alikuwa akirusha kwenye maegesho ya magari, mdogo wake akimwokotea.

Kinachoniuma ni kwamba shuleni kwao hakuna aliyemwambia habari hizi. Alizipata kwa jirani aliyewahi kuwa mwanamaji. Ofisi nyingi za wabunge hufunga maombi kati ya Septemba na Novemba, mtoto anapoanza mwaka wa mwisho wa sekondari. Mzazi anayesubiri kuambiwa na shule amechelewa.

Wazazi, ulizeni mapema, na suala la uraia mlimalize mapema pia, maana grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, haitoshi. Wabunge nao watume watu wao kwenye shule za mitaa yetu, kama wanavyowatuma wakati wa kuomba kura.

Mjomba mtu,
Dallas, Texas