Uso wa mwigizaji si uchafu wa kufutwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wa barua nijibu uhakiki mliouchapa kuhusu filamu ya Patton, ile ya maisha ya jenerali wa Marekani wa Vita vya Pili vya Dunia, katika diski ya Blu-ray (diski ya video yenye picha kali kuliko DVD), ambamo mwandishi wenu aliisifu picha kwa kuwa nyororo na kutokuwa na chembechembe hata moja. Kwa heshima zote, alichokisifu ndicho kasoro yenyewe.

Filamu hiyo ya mwaka 1970 ilipigwa kwa ukanda wa milimita 65, karibu mara mbili ya upana wa ule wa kawaida wa milimita 35, na kila kitu tunachokiona ndani yake kimejengwa na vichembe vya rangi vinavyobaki baada ya ukanda kusafishwa kwa dawa. Chembechembe hizo si vumbi lililotua juu ya picha, ndizo picha. Programu ya kompyuta inayoziondoa haina macho ya kutofautisha chembe ya ukanda na kitundu cha ngozi, kwa hiyo ikifuta hiki hufuta na kile.

Diski ya kwanza ya Blu-ray ya filamu hii, iliyotoka mwaka 2008, ililalamikiwa na watazamaji wengi kwa sababu hiyo hiyo, na mwaka 2012 ikatolewa nyingine iliyoandaliwa upya. Ninazo zote mbili. Nilizisimamisha pale mwanzoni, George C. Scott, anayemwigiza Patton, akiwa mbele ya bendera kubwa na uso wake ukionyeshwa kwa karibu. Katika ya 2008 mashavu yanang'aa kama ya sanamu ya nta, na riboni za nishani zimeyeyukiana. Katika ya 2012 unaona mikunjo chini ya macho, vinyweleo, hata ufumaji wa kitambaa cha koti. Na chembechembe zipo, zinachezacheza taratibu jinsi zinavyopaswa. Katika filamu ya magari kufukuzana pengine nisingepoteza wino kwa jambo hili, lakini filamu ya maisha ya mtu hubebwa na uso wa yule anayemwigiza, na uso ukipigwa pasi mwigizaji amenyang'anywa nusu ya kazi yake.

Nusu ya pili ni sauti, ambayo mhakiki wenu aliipa sentensi moja tu. Wenye DVD za zamani za PAL, mfumo wa runinga uliotumika nchi nyingi za Afrika na Ulaya, wajue kwamba filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, ilhali mfumo huo huonyesha 25. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuiharakisha filamu nzima, hata ile ya dakika 150 ikaisha kwa dakika 144, na sauti isiporekebishwa hupanda juu kidogo, pungufu ya nusu toni. Mwigizaji aliyejifunza kwa miezi mingi kuongea kama mtu fulani anafika nyumbani kwako akiongea kama ndugu mdogo wa mtu huyo. (Patton mwenyewe alikuwa na sauti nyembamba, tofauti kabisa na ile nzito ya Scott, lakini hilo waliliamua watengenezaji wa filamu, si mashine.)

Kuhusu lalamiko la mhakiki kwamba maneno humezwa na muziki, nadhani ameionea diski. Katika sauti ya njia sita, yaani inayogawanywa kwa spika sita, mazungumzo kwa kawaida huwekwa katika spika ya kati. Asiyekuwa nayo, na kichezeshi chake cha diski kikawa hakijaelezwa hivyo katika mipangilio, atasikia mizinga vizuri sana na mazungumzo kwa mbali. Achague njia ya sauti ya spika mbili kama ipo, au akijulishe kichezeshi kuwa ana spika ngapi.

Ombi langu kwa wahakiki wenu ni dogo. Waandike toleo walilolitazama ni la mwaka gani, na kabla ya kutoa hukumu wazime vipengele vya runinga vya kupunguza chembechembe na kulainisha mwendo, kwa kuwa runinga nyingi hutoka kiwandani vikiwa vimewashwa. Sitashangaa mhakiki wenu akigundua kwamba diski aliyonayo ni ile ya 2012, na kwamba nta aliyoisifu ilipakwa na runinga yake mwenyewe.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi