Kitabu cha diko kiandike majina ya samaki

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie safu moja tu ya daftari, ile inayoandikwa "mchanganyiko". Katika baadhi ya madiko ya mwambao huu, samaki wanaposhushwa alfajiri karani huandika kilo, huandika bei ya mnada, na penye jina la samaki huandika neno hilo. Changu, tasi, chewa, kolekole, pono, taa na papa wachanga wote huingia humo. Siku hizi nasikia vijana waliopewa kazi hiyo wanaambiwa waache kabisa kuwatenganisha samaki, eti ushuru ni uleule na wanunuzi wana haraka. Nilikuwa bwana samaki hadi nilipostaafu, na jambo hili linaniuma. Ubaya wake niliujua kwa habari ya kisiwa kilicho mbali mno na sisi, na habari hiyo ndiyo ninayotaka wasomaji waisikie.

Kisiwa chenyewe ni South Georgia, kusini mwa bahari ya Atlantiki, kilomita zipatazo 1,400 kutoka visiwa vya Falkland. Milima yake ina barafu mwaka mzima. Nilikisikia kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi Mbegani. Wa rika langu wanakumbuka kwamba chuo kile cha uvuvi kilisaidiwa na Norwei kwa miaka mingi, na walimu kutoka huko walikuwa wakiishi palepale chuoni. Mmoja wao, mwalimu wa nyavu, alikuwa mwenyeji wa Sandefjord, mji uliotajirika kwa nyangumi. Baba yake aliwahi kufanya kazi Grytviken, kituo cha kwanza cha kisiwa kile, akichuna shahamu. Mchana mwalimu alitufundisha kushona jarife, na jioni barazani alitusimulia habari za baba yake. Tangu hapo kila maandishi niliyoyapata juu ya South Georgia nimeyasoma.

Grytviken ilijengwa mwaka 1904 na Mnorwei Carl Anton Larsen kwa fedha za wafanyabiashara wa Buenos Aires. Waingereza, waliokihesabu kisiwa kuwa chao, walikuja kuchukua hatua baadaye. Manowari ilitumwa mwaka 1906, na kampuni ikapangishwa ekari 500 kwa pauni 250 kwa mwaka. Sisi wa Bagamoyo tunaufahamu mwendo huo. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilijipatia mwambao huu kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, ikakaa forodhani kutoza ushuru, na serikali ya Berlin ikaja nyuma yake na mizinga baada ya Abushiri na wenzake kukataa. South Georgia haikuwa na Abushiri, kwa kuwa haikuwa na wenyeji. Waliokuwepo ni ndege, sili na nyangumi, na hao hawakuwa na wa kuwasemea isipokuwa yule aliyewauza.

Hata hivyo gavana wa Falkland wa wakati ule, William Allardyce, nampa haki yake. Aliona mapema kwamba mchezo ule hauwezi kudumu. Leseni zikawekewa kikomo, na idadi ya meli za chusa kwa kila leseni pia. Ikakatazwa kuua ndama au jike mwenye ndama. Kampuni zilizokuwa zikichuna shahamu na kuutupa mzoga uliobaki zikaamriwa kutumia nyama na mifupa pia. Na mwishoni mwa 1909 akampeleka kisiwani hakimu wa kudumu, James Innes Wilson, awe serikali pale. Hakimu huyo, ambaye mwanzoni alikuwa pia mkuu wa posta na mtoza ushuru, aliwekwa King Edward Point, ng'ambo ya kijighuba kutoka Grytviken. Alipofungua dirisha alimwona nyangumi akivutwa nchi kavu, na upepo ukigeuka harufu ilimfikia kitandani. Mambo mengi ya ukoloni nayachukia, lakini kwa hili walikuwa sahihi: anayehesabu akae mahali anapoweza kuona.

Tazameni matokeo upande wa sili tembo. Pwani ya kisiwa iligawanywa mafungu manne, kila mwaka fungu moja likipumzishwa. Waliruhusiwa madume tu, na kwa idadi maalumu, 6,000 kwa mwaka kwa muda mrefu. Uwindaji ule ulikoma katikati ya miaka ya 1960 na sili bado wapo kwa wingi. Wavuvi wa kamba wa Bagamoyo na Saadani hawatashangaa, maana meli za kamba nazo zilipangiwa maeneo ya kupokezana, na kamba walipopungua serikali ilizisimamisha mwaka 2008. Kwa sili walijua wanachinja nani na wangapi.

Kwa nyangumi hesabu ya namna hiyo haikuwekwa. Meli zilikuwa na kikomo, wanyama hawakuwa nacho. Wa kwanza kuisha walikuwa nyangumi wenye nundu, kwa sababu wanapita karibu na pwani na mwendo wao ni wa polepole. Msimu wa 1910/11 peke yake waliuawa zaidi ya 6,000 South Georgia, na miaka michache baadaye walikuwa haba. Mapato hayakushuka, kwa kuwa wapiga chusa waliwahamia nyangumi wa buluu na wale wa pezi, ambao ni wakubwa zaidi. Mtu aliyesoma jumla ya mapipa ya mafuta peke yake angesema mambo ni shwari. Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Mafuta ya nyangumi yakahitajika kwa glisarini ya baruti, na masharti mengi ya leseni yakalegezwa.

Baada ya vita walifanya jambo ambalo natamani tuliige. Ushuru wa mafuta ya nyangumi ulitengwa kugharimia utafiti. Mwaka 1925 meli ya Discovery ilitumwa kusini, na maabara ikajengwa palepale King Edward Point. Wanasayansi waliingia katikati ya wachunaji, kwenye uwanja unaoteleza damu na mafuta, wakapima urefu wa kila nyangumi, wakapasua tumbo kuona amekula nini, wakakagua vifuko vya mayai vya jike kujua habari za uzazi wake. Ndani ya miaka michache walikuwa wamechunguza zaidi ya nyangumi 1,600. Mengi ya yale yanayojulikana juu ya maisha ya nyangumi wa kusini msingi wake uliwekwa pale, kwa fedha iliyotoka kwenye mafuta yao.

Mwaka huohuo wa 1925 meli ya Kinorwei iitwayo Lancing ilikwenda kusini ikiwa na mteremko nyuma, nyangumi mzima anavutwa hadi sitahani na kuchunwa baharini. Haikuhitaji ghuba, haikuhitaji maji ya kisiwa, na kwa hiyo haikuhitaji leseni ya gavana. Nguvu yote ya Allardyce na waliomfuata ilitokana na ardhi waliyoipangisha, na ardhi ilipokosa kazi, hakimu alibaki na kalamu yake mkononi. Msimu wa 1930/31 meli za aina ile na nyingine za kuchakata zilifika 41. Nyangumi wa buluu peke yao waliouawa msimu huo walizidi 29,000. Mafuta yalijaa sokoni hadi bei ikaanguka, na msimu uliofuata Wanorwei wakaziacha meli zao bandarini. Bei ndiyo iliyowapa nyangumi mwaka wa kupumua.

Sasa nafika kwenye "mchanganyiko" wao. Mataifa yalikubaliana kuwe na kikomo, na Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliyotokana na mkataba wa 1946 ikakirithi. Kikomo hicho kilipimwa kwa kipimo kimoja: nyangumi wa buluu mmoja ni sawa na wawili wa pezi, au wawili na nusu wa nundu, au sita wa aina ya sei. Mwanzoni viliruhusiwa vipimo 16,000 kwa msimu. Mizani ile ilitokana na mafuta, yaani mnyama mmoja anatoa mapipa sawa na wangapi. Kwa mfanyabiashara wa sabuni na siagi ya bandia hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Lakini bahari haizai vipimo. Mpiga chusa aliyeona wa buluu na wa pezi alimfuata wa buluu, kwa kuwa chusa moja ilimpa kipimo kizima, na hata wa buluu walipobaki wachache aliendelea kumpiga kila aliyemkuta, huku wa pezi na wa sei wakimjazia hesabu. Jumla ilipangwa, ilijazwa, ilitangazwa, na ndani ya jumla hiyo aina moja baada ya nyingine ilikuwa inakwisha. Kipimo hicho kiliachwa mwaka 1972. Vituo vya South Georgia vilikuwa vimeshafungwa katikati ya miaka ya 1960, baada ya nyangumi 175,250 kupita mikononi mwao.

Hata majina yakiandikwa, kuna swali la nani anaandika. Meli kubwa za kuchakata zilikuwa na wakaguzi, lakini kila mkaguzi alikuwa raia wa nchi yenye meli, akilala na kula mle mle. Miaka ya 1990 wanasayansi wa Urusi walifichua kwamba meli za Kisovieti ziliua katika bahari ya kusini nyangumi wenye nundu zaidi ya 48,000, na walioandikwa katika taarifa ni 2,710. Wengi waliuawa katika misimu miwili tu, kati ya 1959 na 1961. Walipokuja kulindwa mwaka 1963 hapakuwa na wengi wa kulindwa.

Msomaji atauliza haya yanamhusu nini mtu wa Dunda au Mlingotini. Nyangumi wenye nundu wanaopita mbele yetu wakati wa kusi, wanaokuja kuzaa kwenye maji ya joto ya Msumbiji, Madagaska na mwambao wetu, chakula chao wanakitafuta bahari hiyohiyo ya kusini, na njiani walikuwa wakisubiriwa na kituo cha Durban tangu 1908 hadi 1975. Nilipoanza kazi, wazee wa ngalawa walikuwa wakieleza kuonekana kwa nyangumi kuwa jambo la nadra. Leo mabaharia wa boti za Zanzibar wanawaona, na vijana wanawapiga picha. Tangu 1979 Bahari ya Hindi ni hifadhi ya nyangumi, kwa pendekezo la Shelisheli, nchi yenye watu wachache kuliko wilaya zetu nyingi. Wamerudi kwa sababu waliachwa. Chewa mkubwa hajaachwa na mtu, wala papa.

Na ndiyo maana nalilia safu ile ya daftari. Kilo 500 za vibua na dagaa hazifanani na kilo 500 za chewa na kolekole, ila kwenye daftari la mchanganyiko ni kilo 500 tu. Diko linaweza kuonyesha uzito uleule mwaka hadi mwaka huku samaki wakubwa wakiondoka mmoja mmoja na wadogo wakijaza nafasi. Mchuuzi wa kukaanga anajua, kwa sababu kikaango chake kinamwambia. Mama anayenunua kichwa cha chewa anajua. Ofisi inayosoma jumla haijui, na siku itakapojua itatafuta miaka ya nyuma na kukuta neno moja limeandikwa ukurasa baada ya ukurasa.

Nawaomba wenye mamlaka watoe karatasi yenye majina yaliyokwisha kuchapwa, karani aweke kilo mbele ya jina. Kazi haiongezeki sana, kwa kuwa wavuvi wenyewe huwatenganisha samaki kabla ya mnada ili wapate bei. Pili, na hili ni zito zaidi, karani wa takwimu asilipwe na mzabuni wa ushuru. Mzabuni anahesabu fedha, na ni haki yake, lakini anayekula kwake hataandika kinachomkera. Kikundi cha BMU, yaani cha wavuvi wanaosimamia rasilimali za uvuvi, cha kila diko kimchague kijana wake, alipwe kutoka fungu lililotengwa katika ushuru huohuo, na daftari lake lisomwe hadharani mbele ya wavuvi kila mwisho wa mwezi. Atakayeandika uongo atasahihishwa papo hapo na watu walioshusha samaki kwa mikono yao.

Majina kama thelathini yanatosha kuanzia. Ningeanza na chewa, papa na taa kila mmoja kwenye mstari wake, kwa sababu hao ndio wanaochelewa kuzaa na ndio wanaokwisha kwanza, kisha nguru, kolekole, changu, tasi, kamba na pweza. Papa watenganishwe wakubwa na wachanga. Mwenye kuandaa karatasi hiyo akihitaji mtu wa kukaa naye, mimi nipo Kaole, na diko nafika kila siku kabla ya mnada.

Bwana samaki mstaafu,
Kaole, Bagamoyo