Ukuta wa mawimbi hutengenezwa kuanzia chini

Bwana Mhariri,

Ukuta wa kuzuia mawimbi ukibomoka, watu hukimbilia kumwaga makoro (mawe) mapya juu. Kazi bure! Mara nyingi maji yameshachimba mguu wa ukuta, na mawe ya juu yameteleza kuufuata. Hapa Goma, kando ya Ziwa Kivu, mawe ya volkano ni tele, lakini yenye matundu ni mepesi: yafaa ndani, si usoni, yaani upande unaopigwa na mawimbi. Usoni huwekwa jiwe zito, lililoshikamana, lenye pembe za kubana mengine. Wimbi likiongezeka kimo mara 2, uzito wa jiwe unaohitajika huongezeka mara 8. Kati ya mawe mazito ya usoni na madogo ya ndani iwekwe tabaka ya mawe ya wastani, la sivyo madogo hufyonzwa nje. Kuziba mianya kwa simenti? Maji hunaswa nyuma yake, yakausukuma ukuta.

Msomaji, Goma