Barua kutoka Lublin

Lublin, 9 Novemba

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na nyumbani wote hawajambo. Umeniuliza nayamudu vipi maneno marefu ya Kipolandi. Nakujibu leo leo, maana jana nimepata mfano mzuri mno.

Bibi mwenye nyumba ninayopanga anamwandalia mama yake sherehe. Tulikuwa jikoni tukimenya viazi, akasema mama yake ni dziewięćdziesięcioletnia, yaani ana miaka 90. Nikamwomba arudie polepole. Akachukua kijiko, akawa anagonga meza kwa kila silabi: dzie-więć-dzie-się-cio-let-nia. Mara saba tu! Neno lina herufi 13 za irabu, lakini zile i zote sita si silabi. Zinalainisha konsonanti iliyotangulia. Sisi tukiona "nia" tunasoma ni-a. Wao hapo mwishoni wanasema nya, kama ya "nyama", pigo moja. Na kijiko kilishuka kwa nguvu kwenye LET, silabi ya pili kutoka mwisho.

Hapo ndipo moyo wangu ulipofurahi, maana ni kama kwetu kabisa. Tunasema NYUmba, tukiongeza -ni mkazo unahama: nyuMBAni. Nao wakizungumzia kitu cha babu wa umri huo, neno huishia -letniego, na mkazo husogea hadi NIE. Mwanzoni mwa neno kuna mkazo mdogo, lakini ule mkubwa utafute kutoka nyuma.

Cha kujihadhari nacho ni konsonanti zilizobanana. Sisi "mtu" ni silabi mbili, m-tu. Wao krwi, "ya damu", ni silabi moja. Dada ni siostra, sio-stra. Ukichomeka irabu, ukasema "siositara", mkazo hauna tena pa kukaa.

Yapo yanayokaidi, mengi ya kukopa: MUzyka, mateMAtyka, ingawa mitaani wengi husema muZYka. Usishangae, nasi tuna baraBAra ya magari na baRAbara ya "sawasawa".

Sherehe ni Jumamosi. Nimeombwa nimpongeze bibi mbele ya wageni, na neno hilo limo. Kijiko ninacho hapa mezani, nagonga na kurudia. Nikirudi nitakuandikia alivyolipokea.

Wako akupendaye