Salamu za Kaskazi kutoka Amu

Assalamu alaikum, ndugu, jamaa na marafiki. Heri ya mwaka mpya kwenu nyote: mlioko nyumbani Amu (Lamu), mlioko Mombasa na Malindi, mlioko Maskati, na nyinyi mnaojifunika makoti huko Ulaya na Kanada.

Huku upepo wa kaskazi umekolea. Minazi yote imeinamia upande mmoja, na pale kijijini Shela watu wana habari moja tu, mashindano ya mashua ya Januari mosi. Jana nimeshinda mchangani na mjomba wangu. Maji yalipokupwa alikilaza chombo ubavu, vijana wakakwangua chaza tumboni, wakajaza pamba kwenye nyufa, kisha wakapaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Yeye alikuwa na tanga lake mapajani. Ni la kitambaa cha merikani, limeshonwa kwa mkono. Anapitisha kidole kwenye kila mshono, na akifika penye uzi uliolegea hasemi kitu, ananyoosha mkono tu nimpe sindano.

Mwenye kuja kutazama, nina ombi. Ukiona matanga meupe yametoka pamoja, piga picha, furahi, ni haki yako. Lakini macho yako yaweke kwenye boya la kugeukia. Tanga letu limefungwa kwenye foromali, mti mrefu mno, na chombo kikitaka kubadili upande lazima foromali ipitishwe mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili. Wakati huohuo demani, kamba ya kulivutia tanga, inazungushwa, na tanga linapigapiga kwa kishindo. Mabaharia waliokuwa wamening'inia kwenye ubao nje ya chombo wanarudi ndani mbio, wanahamisha magunia ya mchanga, wanatokea ubavu wa pili. Wote wanasikiliza sauti ya nahodha peke yake. Akichelewa mtu mmoja, chombo kinasimama, na walio nyuma wanapita. Ndiyo maana wazee wetu hawajisumbui kukaa penye mwisho wa mbio. Hutafuta mahali pa kuliona boya.

Mwaka mmoja, nikiwa kijana, tulilifikia boya tukiwa wa pili. Henza, kamba ya kupandishia foromali, ikakatika, foromali ikaanguka na tanga lake lote. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Mjomba hakutukemea hata neno moja. Jioni ile alitukalisha barazani tukasokota kamba mpya hadi adhana ya Isha, na tangu siku hiyo sijapanda chombo bila kuipapasa henza kwanza.

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji wetu wa kale katika urithi wa dunia, nasi tunajivunia. Wageni huja kuona nyumba za mawe, milango ya nakshi, vichochoro vya punda. Lakini mawe yale ya matumbawe yalifikaje mjini, na boriti za mikoko zilizobeba dari? Kwa vyombo. Boriti hizohizo zilipanda majahazi, zikasubiri upepo wa kusi, zikavuka mpaka Arabuni na Ghuba. Kwa hiyo mimi nikiambiwa urithi, naliona tanga kabla ya mlango. Na nyumba ikisimama miaka mia inajitunza kidogo, ila chombo kisipofanyiwa kazi misimu miwili kimeoza. Kinachokiweka hai ni fundi wa kijiji cha Matondoni mwenye shoka na tezo, na kijana aliyekubali kukaa karibu naye.

Hapo ndipo naona thamani ya mashindano haya, na yale ya Maulidi, na ya tamasha letu la utamaduni. Siku hizi mvuvi hununua mashine akaachana na upepo, na simlaumu, samaki hawamngoji mtu. Ila kijana anayeitaka zawadi ya Januari mosi itambidi ajifunze kusoma upepo, kushona na kukaza ubao. Nahodha akishinda, wageni humuulizia kwa jina la chombo chake, wakamkodi awapeleke kisiwa cha Manda kuona magofu ya Takwa, au wakatembee tu na tanga jua likizama. Fedha hiyo ndiyo inayonunua mbao za msimu ujao. Tumeonja ukosefu wake: mwaka 2014, watu walipozuiwa kutoka usiku na wavuvi wakakaa nchi kavu, na tena 2020 wakati wa korona. Mashua zilifungwa gatini mpaka zikaanza kuvuja. Mwenyezi Mungu asiturudishe huko.

Basi salamu zangu za msimu huu nazipeleka kwanza kwa washonaji wa matanga, mafundi, wasokota kamba, na kina mama watakaoamka alfajiri kupika mahamri ya mabaharia. Awape afya na rizki. Waliotutangulia, waliotufundisha upepo, awarehemu.

Nanyi mlio mbali, ndooni. Mkifika Mokowe, gati la upande wa bara, pandeni chombo, msiulize bei mara mbili, mwambieni nahodha mnakwenda nyumbani. Watoto wenu waleteni pia; mjomba bado ana nafasi ubaoni kwa wepesi wa mwili, na amesema atawafundisha mwenyewe.

Tanga limekauka sasa, ananiita tukalikunje. Heri ya mwaka mpya.