Viwianishi bila namba ya kanda vinaihamishia Ujiji Kondoa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie fomu za mashamba na viwanja zinazojazwa kwa GPS mkoani Kigoma. Fomu yenye visanduku viwili tu vya viwianishi (namba zinazoonyesha mahali), mashariki na kaskazini, haitoshi hapa kwetu.

Mfumo wa UTM, unaotaja mahali kwa meta za mashariki na kaskazini, unaigawa dunia katika kanda zenye upana wa digrii 6, na kila kanda ina hesabu yake ya mashariki. Longitudo ya 30, mpaka wa kanda ya 35 na ya 36, inapita ndani ya mkoa wetu, kati ya Kigoma mjini na Kasulu. Ndiyo maana namba ya mashariki ya Ujiji ni kama 797,000 na ya Kasulu ni kama 178,000, ilhali za kaskazini zote huanza na 94. Karani asiyelijua hilo hudhani mojawapo imekosewa. Programu ya ramani ikiwekwa kanda ya 36 kwa mkoa mzima, Ujiji inasogezwa mashariki zaidi ya kilometa 660 na kuangukia jirani na Kondoa.

Kosa kubwa kiasi hicho angalau linaonekana. Ninalolihofia zaidi ni la datumu, yaani umbo la dunia na mahali pa kuanzia vinavyotumika kukokotoa viwianishi. Ramani za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa datumu ya Arc 1960, simu na vifaa vya mkononi husoma kwa datumu ya WGS84, na tofauti ni kama meta 300, sehemu kubwa ikiwa kaskazini-kusini. Meta 300 ni shamba la mtu mwingine katika kijiji kilekile, kwa hiyo hakuna anayeshtuka mpaka ugomvi uanze. Ubadilishaji ufanywe kwa programu, si kwa kujumlisha namba za kukadiria.

Halafu kuna antena. Setelaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilometa 20,200 na mawimbi yake yanafika ardhini yakiwa hafifu sana. Majani mabichi ya michikichi huyadhoofisha, hasa baada ya mvua. Bati huyarudisha: wimbi lililogonga paa kwanza husafiri njia ndefu zaidi, na kifaa huhesabu urefu huo kana kwamba ni umbali wa kweli. Simama mbali na nyumba na magari. Antena bapa ilazwe ikitazama juu. Ile ya msokoto, inayojitokeza kama kidole, isimamishwe wima. Usiifunike kwa kiganja. Kifaa kilichozimwa muda mrefu au kilichosafirishwa kutoka mbali kinaweza kuhitaji dakika 12 na nusu kupokea ratiba nzima ya setelaiti, basi kisubiriwe. Kisha chukua wastani wa dakika kadhaa, si usomaji wa kwanza.

Hata ukifanya yote hayo, kifaa cha mkononi kwenye uwanja wazi kina kosa la meta 3 hadi 5. Kinafaa kulitafuta shamba, hakifai kusimika bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja. Bikoni inataka vipokezi viwili vikifanya kazi pamoja, kimoja kikiwa juu ya alama yenye viwianishi vilivyothibitishwa, na urefu wa antena upimwe mwanzo na mwisho wa kazi.

Ninaziomba halmashauri za mkoa huu ziongeze visanduku vitatu kwenye fomu: kanda, datumu, na kosa lililoonyeshwa na kifaa wakati wa kusoma.

Mpimaji ardhi,
Kigoma