Shangazi, picha ile inaninyima kazi

Shikamoo Shangazi,

Kunakaribia kucha na sijapata hata lepe la usingizi, kwa hiyo nivumilie nikichanganya mambo.

Huyu mwenzangu nilimfundisha kazi mimi. Tulikuwa meza moja, siri zangu zote anazo, kumbe ananihifadhi kwenye simu yake. Facebook yangu ilikuwa ya marafiki tu. Niliandika kwamba tunadai mishahara huku bosi akibadilisha magari. Kweli tupu, sikuzua. Nilimwita mwizi, sawa, lakini anayekula jasho la mtu nyie mnamwitaje? Mwenzangu akapiga skrinishoti. Anakana, ila chini ya ile picha, kwenye kisanduku cha kuandikia maoni, kuna kile kiduara chenye sura ya mwenye simu. Alisahau kukikata. Ni yeye, na kilemba cha harusi ya mdogo wake.

Blogu moja ya udaku ikaidaka, na jina langu kamili juu.

Juzi usaili ulikwenda vizuri mpaka wakaniuliza naweza kuanza lini. Baadaye kimya. Mtu wa humo ndani akaninong'oneza kwamba walitafuta jina langu Google, ikaja ile kabla ya kitu kingine chochote. Hawakuniuliza hata kama tulilipwa. (Hatujalipwa mpaka leo.)

Ile posti yangu ya Facebook nilishaifuta zamani, haikusaidia. Google wanasema mwenye blogu ndiye wa kuiondoa, na mwenye blogu hajibu. Kaka yangu ananisomea habari za Ulaya, eti tangu 2014 mahakama yao iliwapa watu haki ya kudai Google iondoe mambo yao ya zamani kwenye matokeo. Mimi siishi Ulaya. Akaniambia nijaze LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, niandike mambo ya fani yangu, ili hayo yapande na ile ishuke. Nimejaza. Naona kama inashuka, au ni kwa kuwa kila saa naitafuta mwenyewe.

Nataka ipotee kabisa. Lakini tena nikiwaza, kwa nini ipotee? Nilisema uongo gani? Wiki ijayo nina usaili mwingine, na sijui kama niwaambie mwenyewe kabla hawajaiona au nikae kimya niombe Mungu. Kaka anasema sema, mume wangu anasema nyamaza.

Lakini kinachoniuma ni yeye, Shangazi. Chai tulikuwa tunakunywa pamoja! Kazi anayo, amepandishwa na cheo, na kila nikiposti kitu LinkedIn anakuja kunipigia makofi. Sitaki kulipiza. Ila na mimi nina meseji zake alizomsema huyo huyo bosi, tena kwa maneno mazito kuliko yangu. Nikizianika nitakuwa nimekosea? Yeye si alianza?

Nijibu haraka, usaili ni Jumanne. Usiniambie tu nimsamehe.